Kabla ya Kuvunja Kamati

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa fupi: mkopo ni msaada, au si msaada? Nililigeuza kila upande. Mtu akikupa pesa leo akijua kwamba utamrudishia baada ya miaka kadhaa, pamoja na riba, amekusaidia au amekuuzia kitu? Na kama amekuuzia, kwa nini barua yake inaita kitu hicho msaada wa kifedha, tena kwa herufi nzito? Nilikuwa na digrii ya uchumi. Nilikuwa pia na mkopo wangu mwenyewe wa masomo, ambao nilikuwa nikiulipa kwa kurukaruka, mwezi huu ndiyo, mwezi ujao hapana. Pamoja na hayo yote sikuwa na jibu.

Aliyehitaji jibu hasa alikuwa mdogo wangu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne akapata alama za kusomea uuguzi, na barua mbili zilikuwa zimefika karibu kwa wakati mmoja. Ya kwanza, kutoka serikalini, ilimpa nafasi katika chuo kikuu cha umma upande wa magharibi mwa nchi, mbali kiasi kwamba mama alipoonyeshwa kwenye ramani ya simu alisema afadhali asingeonyeshwa. Barua hiyo ilisema kwamba akiomba, gharama ya mwaka itagawanywa vipande vitatu: ufadhili ambao haurudishwi (karibu nusu), mkopo (karibu theluthi), na kilichosalia kiliitwa mchango wa familia. Barua ya pili ilitoka chuo cha binafsi mjini Thika. Hiyo haikuwa na vipande. Ilisema mdogo wangu amepewa punguzo la nusu ya karo, na hongera.

Nyumbani kwetu ni Gatongora, upande wa Ruiru. Mwanafunzi wa Thika anaweza kulala kwao, akala kwao, akaenda darasani asubuhi na kurudi jioni. Kwa baba jambo hilo lilitosha kumaliza mjadala.

Baba alifanya kazi ya kiwandani Thika miaka mingi na hajawahi kukopa mahali popote, hata dukani. Mimi huniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu kwa binti wa kwanza. Akiniita hivyo kwa sauti ya chini najua ameshaamua.

"Maitu," alisema, barua zote mbili zikiwa mezani, "hii ya Thika haina deni. Hii nyingine iko na deni. Kuna nini tena ya kusoma?"

"Baba, hazilinganishwi hivyo."

"Nusu ni nusu."

"Nusu ya nini sasa?"

"Ya karo. Si wameandika?"

Nilisema nitazilinganisha vizuri, nipewe muda. Alisema sawa, nilinganishe, lakini alisema vile mtu anavyomwambia mtoto acheze kidogo kabla ya kulala. Kwa kweli mambo yalikuwa yameshaanza kwenda bila mimi, kwa sababu kamati ilikuwa imeshaundwa.

Aliyekulia huku kwetu anaijua kamati. Mtu akioa, akifiwa, akilazwa hospitalini au akiingia chuo, watu huketi na kuchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na grupu ya simu hufunguliwa yenye picha ya mhusika akitabasamu. Kamati hukutana Jumapili baada ya kanisa. Hukusanya pesa, hufikia lengo au hulikaribia, shughuli hufanyika, kisha kamati huvunjwa. Kuvunja kamati si maneno tu. Ni kikao chenyewe, kina nyama, mweka hazina husoma hesabu, kila mtu hushukuriwa na kazi huwa imeisha. Watu hukipenda sana kikao hicho. Naamini kuna wanaojiunga na kamati kwa ajili yake.

Mwenyekiti wa kamati ya mdogo wangu alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba. Alipiga picha barua ya Thika akaituma kwenye grupu. Ile ya serikali hakuituma. Alieleza kwamba watu wakiona neno mkopo mikono yao huwa mizito mfukoni. Jumapili iliyofuata ilitangazwa kanisani kwamba binti yetu amepata ufadhili Thika. Watu walipiga makofi. Mdogo wangu alisimama akaonekana, uso wake umetulia kama wa picha ya kitambulisho, kisha akaketi.

Siku hiyo jioni nilimkuta jikoni akimenya viazi.

"Kuna mtu amekuuliza unataka kwenda wapi?" nikamwuliza.

"Nani aniulize?"

"Mimi, sasa."

"Siz, mimi hata ukinipeleka mpakani nitaenda." Aliendelea kumenya. "Nataka tu nimalize. Sitaki kurudi na godoro."

Sikuhitaji kufafanuliwa. Binamu yetu, kijana wa baba mkubwa, alikuwa ameingia chuo kingine cha binafsi miaka michache kabla. Yeye pia alikuwa na punguzo, na yeye pia alikuwa na kamati. Tulimsindikiza kwa magari, akina mama wakiimba, na kamati ikamnunulia kila kitu mpaka ndoo. Alifika mwaka wa tatu. Siku moja ya kawaida, katikati ya wiki, alionekana akija kwa miguu kutoka barabarani akiwa na begi mgongoni na lile godoro la kamati limekunjwa na kufungwa kwa kamba. Siku hizi anauza vifuniko vya simu Thika. Hazungumzii chuo na sisi hatumwulizi. Baba mkubwa akiulizwa na wageni husema kijana alibadilisha mwelekeo.

Kwa hivyo nilijua kilichokuwa hatarini. Kufika chuoni mdogo wangu angefika, upande wowote ule. Swali lilikuwa kama angetoka na cheti. Na muda ulikuwa mfupi: chuo cha Thika kilitaka malipo ya kushikilia nafasi kabla ya mwisho wa wiki iliyofuata, na wiki ileile maombi ya ufadhili na mkopo wa serikali yangefungwa.

Wakati huo nilikuwa nikiweka hesabu ya bidhaa katika duka moja la vifaa vya ujenzi pale Kamakis. Kazi yenyewe haikuhitaji digrii, lakini ilikuwa na kompyuta, na mchana wateja hupungua. Nilitengeneza jedwali. Safu moja Thika, safu moja chuo cha serikali, na mistari ya kila kitu nilichoweza kufikiria: karo, malazi, chakula, nauli, sare, vitabu, hata gharama ya kumtembelea akiugua. Kila mstari niliupaka rangi. Jioni nilimwonyesha mdogo wangu.

"Hizi rangi zote ni za nini?" aliuliza. "Inakaa kama matokeo ya uchaguzi."

"Kijani ni pesa ambayo hairudishwi. Nyekundu ni ya kutoka mfukoni."

"Na hii bluu?"

"Hiyo ni mkopo. Sijaamua uende wapi."

Aliitazama kidogo. "Siz, umepatia deni rangi ya mbingu."

Katika jedwali hilo Thika ilishinda, tena kwa mbali. Hakukuwa na kodi ya chumba, hakukuwa na mkopo, na nusu ya karo iliyobaki ilikuwa karibu sawa na lengo la kamati. Mtu mwingine angefunga kompyuta hapo na kuwaambia wazee walikuwa sahihi. Mimi jibu likija kirahisi hunipa wasiwasi zaidi ya kukosa jibu. Nilikagua jumla. Nilikagua kama nilihesabu nauli ya likizo. Nilijiuliza kama labda nilitaka tu kumpinga baba, kwa vile ni kweli hupenda kumpinga, halafu nikajiuliza kama kuogopa kumpinga hakungenifanya nimkubalie vibaya. Niliendelea hivyo siku mbili kabla ya kuona kitu kilichokuwa wazi tangu mwanzo: jedwali langu lilikuwa la mwaka mmoja.

Si mimi tu. Barua ya Thika ilizungumzia mwaka mmoja. Lengo la kamati lilikuwa la mwaka mmoja. Barua ya serikali peke yake ndiyo iliyokuwa na mstari unaosema kwamba mgao utaendelea kila mwaka mradi mwanafunzi aendelee na masomo na aombe upya. Barua ya Thika haikusema ndiyo wala hapana. Niliomba ruhusa kazini nikaenda kuuliza.

Ofisi ya wanafunzi wapya ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Karani alikuwa mwanamke wa rika langu, amevaa sweta yenye nembo ya chuo, kikombe chake cha chai kimefunikwa kwa kisahani. Alinikaribisha vizuri akaitafuta faili ya mdogo wangu bila kununa.

"Nimekuja kuhusu hili punguzo," nilimwambia. "Ni la karo peke yake?"

"Karo ya masomo. Usajili, maabara, mitihani, bima, hizo analipa zote."

"Na mafunzo ya hospitalini?"

"Ya wadi? Hiyo inaanza mwaka wa pili. Inalipwa kando, na sare pia kando."

"Na punguzo ni la kila mwaka?"

"La mwaka wa kwanza," alisema. "Baada ya hapo linaangaliwa upya. Lazima awe kwa wale wa juu darasani, na pia iwe chuo kina uwezo mwaka huo."

"Barua haisemi hivyo."

"Barua inasema amepewa punguzo. Si amepewa?"

Nilikubali kwamba amepewa. "Na wanaobaki nalo mpaka mwisho ni wangapi?"

Alinitazama kwa makini kwa mara ya kwanza. "Hiyo swali hata mkubwa wangu hajawahi kuniuliza. Kwani wewe ni mwanahabari?"

"Mimi ni dadake."

"Basi, dadake, ni wachache." Alifunua chai akanywa kidogo. "Wazazi wengi huja kuuliza mambo hayo mwaka wa pili. Wewe umekuja mapema mpaka unanitisha."

Nilimshukuru, na nilimaanisha. Hakuna aliyekuwa ametuficha kitu. Hakuna aliyeuliza, basi. Sisi huuliza mambo ya kuingia: siku ya kuripoti, unene wa godoro, kama blanketi linakubaliwa au lazima shuka. Nikiwa nimesimama nje ya duka la dawa nikaona kwamba barua yao na kamati yetu zilikuwa zimeshonwa na fundi mmoja. Zote mbili zilimpeleka mtoto hadi getini, zikampungia mkono, zikarudi nyumbani.

Nilirudi kwenye jedwali nikaongeza miaka mitatu. Thika ikawa na kijani mwaka wa kwanza. Miaka mingine niliiweka nyekundu, kwa sababu sikuona ni kwa haki gani ningepaka kijani kitu ambacho mwenyewe alisema kitafikiriwa. Nyekundu ya mwaka wa pili ilikuwa karibu maradufu ya ile ya kwanza. Upande wa serikali ulikuwa na kijani kila mwaka, nyekundu ndogo kila mwaka, na katikati, kila mwaka, ile bluu ambayo sikuwa nimejua niiweke wapi.

Hapo ndipo nililazimika kufikiria mkopo wangu mwenyewe, jambo ambalo huliepuka. Kila mwezi huja ujumbe wa kunikumbusha kulipa, na mara nyingi huufuta kabla ya kuumaliza, kana kwamba deni lipo ndani ya simu. Nimewahi kuuchukia mkopo ule. Nimewahi kusema ningekuwa bora bila huo. Lakini nilipojaribu kukumbuka mwaka wangu wa tatu, nilikumbuka kwamba ndio mwaka ambao kiwanda cha baba kilipunguza zamu na nyumbani tulikula githeri ya mahindi yenye maharagwe ya kuhesabu. Hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa karibu kuacha masomo. Nilijua baadaye sana. Mkopo ulikuja umechelewa, kama kawaida yake, lakini ulikuja, na nilifanya mitihani. Nilikuwa nimeuhesabu ule mwaka kama mwaka wa kawaida.

Kwa hivyo nikapata jibu, ingawa halikuwa lile nililolitaka. Mkopo si msaada. Ni deni, na utamfuata mdogo wangu mpaka kazini na huenda mpaka kwenye ndoa. Lakini katika karatasi zote zilizokuwa mezani kwetu, ulikuwa mojawapo ya vitu vichache vilivyosema vitakuja tena mwaka wa tatu, na bila huo pengo la kila mwaka lisingezibika. Niliuacha bluu, sikuuhesabu na msaada, nikaufungulia mstari wake nikauita wa kulipa baadaye. Hata hivyo chuo cha serikali kilikuwa bora. Halafu, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikaandika mambo yote yanayoweza kuharibika: mpango unaweza kubadilishwa, pesa zinaweza kuchelewa, wahadhiri wanaweza kugoma, mdogo wangu anaweza kuugua mbali na nyumbani. Orodha ilikuwa ndefu. Niliisoma, nikaona kwamba karibu kila kilichoandikwa humo kingemchelewesha, na kwamba nilipoandika orodha kama hiyo ya Thika, karo ya mwaka wa pili peke yake ingemrudisha nyumbani. Kuchelewa na kurudishwa si kitu kimoja.

Jumapili kamati ilikutana kwa baba mkubwa. Kulikuwa na chai, viazi vitamu na mandazi. Hesabu ya mweka hazina, rafiki wa mama anayeuza mayai, ilionyesha kwamba lengo limekaribia, na ajenda iliyobaki ilikuwa moja: siku ya kuvunja kamati. Walikuwa wamekubaliana iwe Kamakis, kwenye nyama choma, na mbuzi alikuwa ameshapigiwa simu.

"Kabla hatujafika kwa mbuzi," nilisema, "naomba nafasi."

"Profesa ameomba nafasi," alisema baba mkubwa. "Mpeni, lakini asitutolee ile kitu yake ya rangi."

Mdogo wangu akatazama chini, nikajua ni nani aliyewaambia.

Nilisema nilichokuwa nimekipanga. Nilieleza punguzo ni la mwaka wa kwanza, na kwamba nililisikia kwa chuo chenyewe. Nilieleza barua ya serikali, ile ambayo wengi hawakuwa wameiona, na sikuuficha mkopo. Niliusema kwanza, kwa jina lake. Baba alikuwa ameketi karibu na mlango na sikumtazama.

"Kwa hivyo," mweka hazina alisema, "tunamtoa Thika hapa karibu, tunampeleka mwisho wa dunia, na deni juu."

"Ndiyo, mama. Na deni juu."

"Na ndiyo unatuambia ni afadhali."

"Nasema huko atamaliza."

"Huko atapata bwana," mtu mmoja alisema kutoka kwenye kochi la nyuma.

"Hata Thika kuna mabwana," mdogo wangu akajibu, na watu wakacheka, naye mwenyewe akashangaa kwamba ameongea.

"Kuna lingine," nilisema. "Mchango wa familia utahitajika kila mwaka. Iliyokusanywa inatosha mwaka wa kwanza na itabaki kidogo. Naomba kamati isivunjwe. Tuketi mara moja kwa mwaka kabla chuo hakijafunguliwa, kila mtu na kidogo chake."

Watu walianza kuhesabu kwa vidole.

"Miaka mingapi?" mweka hazina aliuliza.

"Minne."

"Msichana, kuna ndoa tumezifanyia kamati hapa na hazikufika hiyo minne."

Kicheko kilikuwa kikubwa, na hata mimi nilicheka, kwa kuwa ilikuwa kweli na baadhi ya wahusika walikuwa mle ndani.

"Na mbuzi je?" aliuliza yule wa kochi la nyuma.

"Angoje."

"Mbuzi hangoji miaka minne. Huyo atakuwa babu."

Walianza kuongea wote kwa pamoja. Wengine walisema pesa zilichangwa kwa ajili ya Thika na ilitangazwa hivyo kanisani, tutaonekanaje. Mwingine akasema kamati isiyovunjwa ni chama, na chama kina kiingilio. Baba mkubwa alikuwa akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari, kwa sababu ya ugonjwa wake wa kisukari. Alikoroga muda mrefu.

"Ya kijana wangu tulivunja mapema," alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia maharagwe yaliyong'olewa kabla ya wakati. Waliokuwa wakiongea wakanyamaza mmoja mmoja.

"Tulikula, tukashukuriana, mimi mwenyewe nikatoa shukrani za mwisho. Na yeye alikuwa hata hajafungua kitabu." Akaweka kijiko kwenye kisahani. "Katibu, andika kamati haijavunjwa. Usiandike maneno mengi. Andika tu hivyo."

Si wote waliofurahi. Kabla jua halijazama baadhi yao walikuwa wametoka kwenye grupu, mmoja baada ya mwingine, kimyakimya. Sikuwalaumu. Walikuwa wamejiunga na shughuli yenye mwisho, na mimi nilikuwa nimeuondoa.

Baba alitembea nami kurudi nyumbani. Tulipita maduka mawili matatu.

"Maitu, hukunitazama ukiongea."

"Niliogopa ningenyamaza."

"Hiyo deni. Akishindwa kulipa, wanakuja kwa nani?"

"Kwake kwanza. Halafu kwa waliomdhamini."

"Na hao ni nani?"

"Wanataka wawili. Mmoja nitakuwa mimi."

"Wewe na ile yako hujamaliza?"

"Mimi na ile yangu sijamaliza. Nimeuliza, inakubalika."

"Mimi sijawahi kuweka jina langu kwa deni ya mtu," alisema.

"Najua, baba."

"Hata hiyo yako sikuweka."

Hilo pia nilijua. Wangu ulidhaminiwa na mama na baba mkubwa, na sikuwahi kumwuliza sababu. Tulifika nyumbani akaenda moja kwa moja kumwagilia sukuma wiki zake, ingawa mvua ilikuwa imenyesha asubuhi.

Siku mbili zilizofuata nilizitumia kuogopa. Niliwaza kwamba mdogo wangu akishindwa na mimi nikishindwa, ujumbe utakuwa ukija mara mbili kila mwezi kwenye simu moja. Niliwaza kwamba nimemchagulia mtu maisha kwa jedwali. Niliwaza kwamba ningeweza bado kusema nilikosea, na hakuna ambaye angenikasirikia, wengi wangefurahi. Wazo hilo la mwisho ndilo lililonistua. Nilikuwa nikitafuta njia ambayo lawama yake isingekuwa yangu, na njia hiyo ilikuwa Thika. Nikampigia mdogo wangu simu nikamwambia aje kazini saa ya chakula, na kitambulisho cha mama, awe mdhamini wa pili.

Alikuja na chapati mbili kwenye karatasi. Tuliketi nyuma ya kaunta, kati ya ndoo za rangi na misumari, tukajaza maombi. Kwenye mdhamini wa kwanza niliandika namba yangu. Nilikuwa nikinyoosha mkono kuchukua kitambulisho cha mama simu ya mdogo wangu ilipolia. Baba alikuwa ametuma picha. Ilikuwa ya kitambulisho chake, juu chini, na kidole gumba kimefunika nusu ya namba. Hakukuwa na neno lolote chini yake.

"Ni ya nini?" mdogo wangu aliuliza, ingawa alikuwa ameelewa.

"Mwambie atoe kidole."

Alituma nyingine. Safari hii kidole kilikuwa upande wa pili. Tukampigia. Aliisoma namba polepole, tarakimu moja moja, akinyamaza kila mara kusubiri tuseme tumeandika. Alipomaliza alituuliza kama tumekula, tukamwambia tunakula chapati, akakata simu.

Nilisoma kila kitu tena kutoka juu. Mdogo wangu alisubiri bila kunihimiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akaniambia, "Siz, nikiingia mwaka wa pili bado utakuwa unasoma," nami nikabonyeza kutuma. Ukurasa ulizunguka kidogo ukasema maombi yamepokelewa.

Baada ya hapo nilipiga simu Thika. Karani yule alinikumbuka, au alisema ananikumbuka. Nilimweleza kwamba mdogo wangu hatakuja. Aliniuliza kama tuna hakika, kwa sababu nafasi ikishatolewa hairudi. Nikamwambia ndiyo, ampe mwingine.